Jina Ndani ya Mashini ya Maulidi

Jumanne, 11 Aprili 1972

Nimefika Rumonge jana, juu ya lori la Mzee Zahor, katikati ya magunia ya chumvi. Enstiti, chuo cha ufundi ninakosoma, wamenipa ruhusa mpaka tarehe 2 Mei kwa ajili ya Maulidi. Niliiomba mwenyewe. Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Lakini sababu yenyewe si Maulidi, ni kitanda. Kule chumbani kwangu Bujumbura kuna vitanda viwili, kimoja kitupu tangu Februari, na mimi siwezi tena kukitazama.

Mama alitoka nje kunipokea, akasema mtaa mzima usikie: injeniya wangu amefika. Injeniya! Niko mwaka wa pili tu wa elektroniki, lisansi, digrii yenyewe, bado iko mbali.

Leo watu wameleta redio tano. Nimezifungua zote, nikapuliza vumbi, nikagusagusa skrubu kwa turnevisi, nikafunga. Moja imelia. Ya bibi Chausiku, betri zilikuwa zimewekwa kinyume. Wakanipigia makofi. Niulizwe transista inafanyaje kazi, naandika kurasa tatu bila kuinua kalamu. Nipewe redio iliyokufa, napuliza vumbi.

Daftari hili ni la maabara. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, basi nazitumia.

Ijumaa, 14 Aprili

Baada ya swala Mwalimu Hassani wa msikiti wetu alisimama. Akasema kila Maulidi watu wanatoka Nyanza-Lac mpaka Muhuta, na wanaokaa nyuma hawasikii kitu, wanakula pilau na kurudi. Mwaka huu hapana. Mzee Zahor ametoa spika kubwa, ile yenye mdomo kama tarumbeta, mikro ya kusemea, na betri ya lori lake. Kinachokosekana ni mashini ya katikati, ya kukuza sauti. Na mwenye kuijua tunaye, mtoto wetu, huyu hapa.

Wakageuka wote. Nikasema inshallah. Ningesema nini?

Mashini ya kukuza sauti. Kati ya mashini zote za duniani, hiyo hiyo. Ngoja niandike, maana hakuna atakayesoma.

Januari kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza moja na kuandika ripoti. Yangu haikutoa hata mlio. Ya Léonard, mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Kizuka hapa jirani, iliimba. Bahati yangu profesa alisoma ripoti tu, mashini zilikaa kabatini. Nikaazima ripoti ya Léonard nitazame hesabu. Nikainakili yote. Kurasa kumi na tisa, na michoro, hata tarakimu zake zenye mikia, hata pale alipokosea kipimo kimoja. Nikaipeleka yangu siku moja kabla ya yake. Profesa akaona kosa lile lile mara mbili, akatuita, akauliza nani amenakili. Léonard alinitazama tu, akingoja niseme mwenyewe. Nikasema: "Yangu ilifika kwanza."

Basi. Si uongo hata kidogo. Léonard amerudishwa nyumbani mpaka mwaka wa shule ujao. Mimi nilipata kumi na saba juu ya ishirini, na Mama alichinja kuku.

Jumapili, 16 Aprili

Nimejaribu. Wallahi nimejaribu. Nimejifungia chumba cha nyuma tangu asubuhi. Transista mbili zimeungua, ya tatu siielewi. Harufu ilifika jikoni, Mama akaja kuuliza kama ndivyo elimu inavyonuka. Hakuwa ananitania. Alitaka kujua.

Siku kumi zimebaki.

Jumanne, 18 Aprili

Nimekwenda Kizuka kwa baiskeli. Njia nzima nilikuwa natunga maneno: Léonard, nimekukosea, nitamwambia mkurugenzi. Nilipofika kwenye michikichi yalikuwa yamenyooka vizuri kabisa.

Mama yake ndiye aliyeniona kwanza. Amahoro, amahoro, akanisalimu. Akanikalisha mkekani, akanipa ndizi na samaki wadogo wa ndagala. Akasema murakoze, asante sana, wenzake wote wa shule hakuna aliyekuja kumpa pole ila wewe. Kumpa pole! Halafu akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe hataki kusema kwa nini walimrudisha. Labda mimi najua? Nikatia ndagala mdomoni, nikatafuna mpaka akachoka kungoja.

Léonard alikuwa anakamua mawese, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Alinisalimu vizuri. Ningependa anitukane. Nikaanza, "Léonard..." na mdomo ukaenda wenyewe upande mwingine. Nikamweleza spika, betri, Maulidi, transista zilizoungua. Nimekwenda kuomba msamaha nikaomba kazi! Akajifuta mikono kwa majani. Akauliza: "Betri ni volti kumi na mbili?"

Nikasema ndiyo.

"Nitakuja Jumamosi."

Nikamuuliza kwa nini anakubali. Akasema vidole vyake vinaanza kusahau.

Jumamosi, 22 Aprili

Amekuja kwa miguu. Kazi tunafanya chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Nasema tunafanya. Yeye anaunga kwa chuma cha moto, mimi nashika waya.

Saa nne Mama alifungua mlango bila kubisha, analeta chai. Akaona nani ameshika chuma cha moto na nani ameshika waya. Akaweka vikombe viwili, akatoka, akafunga mlango polepole.

Léonard hataji Enstiti. Mara moja tu aliuliza tumefika sura ya ngapi ya kitabu cha saketi. Nikamwambia ya kumi na moja. Akaandika kwenye kiganja chake, asisahau. Nilitamani kutoka nje.

Jumatatu, 24 Aprili

Imekwisha. Amesema "amahoro" mbele ya mikro na chumba kizima kimejaa. Vikombe vimetetemeka.

Amenipa onyo moja. Waya wa mikro ni ule uliovikwa wavu wa chuma, mita tatu tu, hatuna zaidi. Nisiurefushe kwa waya wa kawaida, utageuka antena, utakamata redio za watu. Mashini ikae karibu na msomaji, nyuma ya pazia, basi.

Halafu karatasi. Enstiti ndiyo sheria: kila chombo kina karatasi ndani, jina la aliyekitengeneza na tarehe. Nikamwambia aache, hii ni ya msikiti, si ya shule. Akasema sheria ni sheria. Akanigeuzia mgongo, akaandika, akabandika kwa gundi, akafunga kifuniko na skrubu nne. Sikuuliza ameandika nini. Jina lake, bila shaka. Haki yake. Mimi nilitazama skrubu tu, nikafurahi kwamba zimekaza.

Nikamkaribisha Maulidi. Akacheka, akasema hawezi kukaa pale kusikiliza wanavyonishukuru. Alicheka kweli, hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo linaloniuma. Mama alimfungia sukari ya kumpelekea mama yake. Maneno ya kuomba msamaha bado ninayo. Amekaa siku mbili nzima kwetu na sikuyatoa.

Jumatano, 26 Aprili

Maulidi. Watu wengi kuliko mwaka wowote, baada ya alasiri uwanja wote ulikuwa mweupe kwa kanzu.

Nyuma ya pazia, alisema. Lakini nikikaa nyuma ya pazia nani ataniona? Niliweka meza mbele, kando ya mkeka wa wazee, mashini juu yake, na mimi nyuma yake na kanzu mpya. Kutoka pale mpaka kwa Mwalimu Hassani ni hatua ishirini. Nikarefusha waya. Waya wa kawaida, wa taa za nyumbani.

Sauti ilitoka vizuri. Mama alikuwa upande wa wanawake, analia. Halafu Mwalimu alinyamaza kidogo kufungua ukurasa, na spika ikaanza kusema yenyewe. Mwanamume, Kifaransa, anasoma habari, redio ya ng'ambo ya ziwa! Labda ni pumzi kumi tu, kisha Mwalimu akaendelea na ikapotea.

Nilifikiri nitakufa pale pale. Lakini watu walicheka. Mzee Zahor akasema mashini ya Aruna inasikia mpaka ng'ambo. Lukeba, jirani yetu, planton wa komini, tarishi wa ofisi ya serikali, alikuwa amekaa mbele kabisa, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema lazima awasimulie ofisini.

Wamenibeba mabegani. Mimi! Kosa ni langu, kazi ni ya Léonard, na mabegani niko mimi.

Ijumaa, 28 Aprili

Leo nimeandika barua kwa mkurugenzi. Nimeandika yote: kurasa kumi na tisa, siku moja kabla, na kile nilichokisema. Nimeandika pia kwamba Léonard wa Kizuka ni fundi kuliko sisi sote, na mashini ya hapa Rumonge ni yake. Nilipofika posta ilikuwa imefungwa. Jumatatu ni sikukuu. Basi Jumanne, tarehe 2, naipeleka mwenyewe kwa mkono.

Jumapili nitakwenda Kizuka kumsomea kwanza. Mama ameweka kando mchele wa Maulidi nimpelekee.

Jumapili, 30 Aprili

Sikwenda Kizuka. Vita vimeingia mjini jana jioni, watu wanasema waasi wametoka ng'ambo. Mapanga, moto upande wa soko, watu wanakimbia hawajui waende wapi. Tumefunga mlango, tumesukuma kabati. Mama anasoma Yasini, anafika katikati anaanza upya.

Jumatano, 3 Mei

Askari wa serikali wako mjini. Bunduki kutwa nzima. Waliokufa siwaandiki, nawajua wengi mno, wa kila upande.

Sasa ni jambo lingine. Wanatafuta Wahutu waliosoma, wanasema ndio wenye vita hivi. Mwalimu wa shule ya misheni amepandishwa lori. Karani wa posta naye, yule aliyefunga mlango wake Ijumaa kabla sijafika. Hawajarudi, na hakuna anayeuliza.

Léonard ni Muhutu. Tumekaa chumba kimoja mwaka na nusu, hilo nalijua kama ninavyojua kwamba anapenda chai bila sukari. Halikuwa na kazi yoyote kwetu.

Barua ilikuwa bado mfukoni mwangu. Jina lake, kijiji chake, na sifa ya ufundi. Nimeichoma jikoni. Miezi mitatu nilidaiwa ukweli nikaukalia, na sasa nikiutoa ndio utakaompandisha lori. Nimejisemea nimeichoma kwa ajili yake. Labda. Nilipoona majivu nilihisi nafuu, na nafuu ile siiamini.

Jumamosi, 6 Mei

Lukeba amekuja asubuhi. Hakuketi. Siku zote anaketi.

Amesema kapiteni wa askari amesikia habari ya mashini ya msikitini, inayozungumza na watu wa ng'ambo. Nikauliza nani amemwambia. Hakunitazama. Alisema tu kwamba ofisini walicheka sana siku ile, na mmoja wa waliocheka ndiye aliyepeleka habari.

Nikaanza kumweleza. Haizungumzi na mtu! Inakuza sauti tu, ile redio iliingia kwa sababu ya waya mrefu, waya ni mimi niliyerefusha. Akaniinulia mkono.

"Aruna mwanangu, mimi niko planton. Waya sijui. Kapiteni anauliza kitu kimoja: nani aliitengeneza?"

Mama akajibu kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo. "Mutoto wangu. Peke yake. Mutaa wote unajua."

Lukeba akapunguza sauti. Akasema kama kuna mwingine, ni bora kwangu nimtaje. Wanataka jina moja la kuandika. Wakishaandika wanaondoka.

Nikafikiria lori. Nikasema: "Aliyeitengeneza jina lake liko ndani. Ndiyo sheria ya Enstiti."

Nimelisema hilo. Sikumtaja mtu. Lukeba akafurahi kabisa, akasema vizuri, Jumatatu atakuja, nifungue, nimpe karatasi, amalize kazi. Mashini akaniachia, nzito, na ataibeba ya nini.

Tena maneno yasiyo na uongo hata kidogo. Nina kipaji.

Alipoondoka Mama alikuja kusimama mlangoni, mikono ina unga. Nikamwambia: Mama, unajua siyo mimi. Uliona.

Akasema, "Niliona. Wewe ulitaka niwaambie watu ni wewe, nikawaambia. Sasa nianze leo kusema kingine?"

Nikarudi chumba cha nyuma.

Jumapili, 7 Mei

Mtaani wanasema watu wa Kizuka wamekimbilia Tanzania. Nimeshika habari hiyo tangu asubuhi. Kama amevuka, jina lake haliwezi kumdhuru tena. Ni jina tu kwenye karatasi, mwenyewe yuko Kigoma anakunywa chai. Nimejirudia hivyo mpaka karibu niamini. Hata swala ya adhuhuri nimeisali vizuri.

Saa tisa Mama alirudi kutoka ziwani na ndoo. Amekutana na mama yake Léonard. Aliomba chumvi. Hawajakwenda popote, nyumba yao haijafungwa.

Nikamuuliza: na Léonard yuko?

Mama akaniangalia. "Sikuuliza. Wewe unataka kujua ya nini?"

Nikasema basi tu. Akaenda kuanika nguo. Ningeweza kuchukua baiskeli mchana huu, nikamwambie akimbie. Ni mwendo wa saa moja. Kuna kizuizi barabarani, lakini sisi Waswahili tunapita, Zahor amepita jana. Nimetoa baiskeli nje. Nikapima upepo wa matairi. Nikairudisha ndani.

Jumatatu, 8 Mei

Lukeba amekuja mapema. Yuko barazani, Mama amempa chai na mandazi nipate nafasi. Niko chumba cha nyuma na mashini.

Nilitoa skrubu tatu, ya nne ikakataa. Nikasema Alhamdulillahi, haifunguki, nitamwambia haifunguki. Ikafunguka.

Karatasi iko. Imebandikwa pembeni, mwandiko wa Léonard, tarakimu zenye mikia:

Aruna Nasoro. Rumonge, 24.4.1972.

Nimesoma mara tano. Jina langu, na la marehemu Baba. Wiki mbili nimeogopa jina lake lililomo humu, na siku mbili hizi nikalitegemea linisemee. Halimo. Hakuliandika. Alikaa pale, akanigeuzia mgongo, akanipa na hii, na mimi sikuwa nimemwomba hata msamaha.

Nimeibandua. Nyuma kuna maneno ya penseli: Usirefushe waya.

Ningependa kuandika kwamba nimelia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mkasi. Nimekata karatasi kutoka daftari hili, sawasawa na ile, pembe kwa pembe. Ilikuwa imekwisha kukatwa ndipo nikajiuliza naikata ya nini.

Mama amepita dirishani. Amesema polepole kwamba amemwongezea Lukeba kikombe cha pili, cha tatu hawezi, sukari imekwisha. Iliyobaki yote alimpa mama yake Léonard jana, alipopita kuchukua chumvi, wakazungumza kidogo. Ametazama meza, ametazama mkasi, amekwenda.

Karatasi mbili ziko mbele yangu. Moja ina jina langu. Nyingine nyeupe. Kalamu ni ya bluu, kama yake. Mwandiko wa Léonard nauweza, nilifanya mazoezi kurasa kumi na tisa.

Lukeba anapiga hodi.